Kura ya Thelathini na Moja

Bakki, 12 Machi 1944

Mdogo wangu Una,

Barua yako ya Novemba ilinifikia juzi, ikiwa imefunguliwa na wakaguzi wa vita na kufungwa tena kwa utepe. Natumaini walifaidika na habari za kuku wako. Sisi hapa Bakki tu wazima. Goti langu la kushoto bado linanisumbua kukiwa na unyevu, maana yake linanisumbua kila siku. Oddný anakusalimu. Binti yangu huyo sasa ndiye anayeendesha shamba, nami hujifanya kuwa ninamwelekeza. Nyasi kavu zilizo ghalani zitatufikisha Mei ikiwa theluji haitakuwa na tamaa.

Katika barua yako nimekuta maneno matatu ya Kiingereza yaliyovikwa nguo za Kiisilandi. Nimeyapigia mstari, na ukurasa huo nimekurudishia humu ndani ili uutazame. Sikulaumu. Umekaa huko miaka thelathini na mitatu, na huna mtu wa kukusahihisha. Lakini wajukuu wako wanajifunza kutoka kinywani mwako, na mimi sitaki waseme lugha ya mama yetu kama watu wanaotafuna kokoto.

Utakuwa umesoma katika gazeti lenu kwamba Bunge limeamua jambo kubwa. Tarehe 20 hadi 23 Mei wananchi wote wataulizwa maswali mawili: kama wanakubali mkataba wetu na Denmaki ufutwe, na kama wanakubali nchi iwe jamhuri, isiwe tena chini ya mfalme. Hapa watu hawazungumzi jingine, hata kanisani. Torfi, mkuu wa kata, ameapa kwamba wapiga kura wote thelathini na mmoja wa kata yetu watafika, asikosekane hata mmoja. Ameandika majina yetu kwenye ubao katika nyumba ya mikutano, na kando ya kila jina ameacha nafasi ya alama.

Mimi sina la kusema juu ya jambo hilo.

Kondoo dume tuliyemnunua kule ng'ambo ya mto ana pembe nzuri na akili kidogo. Bibi kizee Salóme wa shamba la Hóll ametimiza miaka tisini na moja. Mwaka wa pili huu hatoki kitandani, lakini ulimi wake unatembea bonde zima. Aliniuliza habari zako. Nilimwambia wewe ni mzima na mnene. Akasema, "Mnene ndiyo habari. Uzima hata mwembamba anao."

Nakushukuru kwa kahawa uliyotuma. Tunaipima kwa kijiko kidogo, nayo imetufanya watu wa heshima machoni pa wageni.

Ndimi kaka yako,
Kolbeinn


Gimli, Manitoba, 24 Aprili 1944

Kaka yangu mpendwa Kolbeinn,

Nimeupokea ukurasa wangu pamoja na mistari yako. Nimeutundika jikoni. Wajukuu wamecheka mpaka wakashika mbavu, halafu mkubwa wao akaniuliza, "Bibi, huyo mjomba wa mama hupumzika lini?" Nimemwambia hajawahi kujaribu.

Tuko salama. Barafu ya ziwa imeanza kupasuka na wavuvi wamezitoa nyavu zao. Mkwe wangu alipata samaki wa kutosha, na mguu wake uliokuwa umevimba umepona. Namshukuru Mungu. Nayashukuru pia magunia ya unga ya nchi hii, ambayo hayajawahi kuninyima mkate tangu nilipofika.

Sasa nisikilize. Barua yako haikuja peke yake. Katika mfuko uleule ilikuwamo barua ya Oddný, na usimkaripie, kwa sababu aliandika akiwa analia. Ameniandikia hivi: "Shangazi, baba amesema hatakwenda kupiga kura. Hatapiga ndiyo wala hapana. Hatatoka nyumbani siku zote nne. Torfi hajui bado, au anajua na anaogopa kuuliza."

Wewe uliniandikia robo ukurasa juu ya pembe za kondoo!

Hukunieleza sababu, lakini mimi ni dada yako na sababu naijua. Jina lake ni Kirstine. Mwaka 1902 ulikwenda Kopenhagen kusomea ualimu ukapatwa na homa ya matumbo, na yule mjane mshonaji akakulaza kwenye kitanda chake, yeye akalala sakafuni jikoni miezi minne. Hakukubali kupokea kitu. Mama alikuwa akimwombea kwa jina kila Jumapili. Najua kwamba tangu Wajerumani walipoingia Denmaki hujapata barua yake hata moja. Najua unavyowaza: watu wale wamevamiwa nyumbani kwao, na sisi tumechagua wakati huohuo kufungasha mizigo yetu na kuondoka bila hata kuaga.

Sisemi unawaza vibaya. Lakini kaka, mimi nimekula kiapo cha uraia wa Kanada. Sina kura huko. Ningeweza kuvuka maji kwa miguu, ningekuja kusimama mbele ya meza ya Torfi nikiwa na viatu vilivyolowa. Wewe unayo kura, na nyumba ya kupigia iko nusu saa kutoka mlangoni kwako, nawe unataka kukaa ndani.

Na nitasema jambo moja ambalo hatujawahi kuandikiana. Mimi pia niliondoka. Mwaka 1911 nilisimama kwenye sitaha ya meli nikaitafuta kofia yako pwani. Mama alisema, "Anajenga ukuta." Niliondoka hivyo hivyo. Je, niliacha kuwashukuru? Je, niliacha kuwa wa kwenu?

Najua barua hii inaweza kufika kura ikiwa imeshapita. Naituma hata hivyo.

Dada yako anayekupenda,
Una

Nimeyatazama maneno ya Kiingereza. Sasa yamebaki mawili. Ujue unachekwa na Manitoba nzima.


Bakki, 25 Mei 1944

Mdogo wangu Una,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya na kuku wako wakitaga. Sijapata barua yako tangu ile ya Novemba. Huku ni wakati wa kondoo kuzaa, nami sijavua viatu kwa saa za kutosha tangu tarehe 10. Tumepata wana-kondoo sitini na wanane. Pacha ni wengi. Tumempoteza mmoja tu, naye alizaliwa bila nia ya kuishi.

Katika barua iliyopita niliandika kwamba sina la kusema juu ya kura. Haikuwa kweli. Nilikuwa na la kusema na sikutaka kulisema. Nilikuwa nimeamua kutokwenda, kwa sababu ambayo huenda unaikisia. Mwezi Aprili nilituma ujumbe Kopenhagen kupitia Msalaba Mwekundu. Wanakubali maneno ishirini na matano tu. Niliyahangaikia maneno hayo siku tatu. Jibu halijafika. Nikaona kwamba mtu ambaye hajaweza kusema ahsante hana haki ya kusema kwaheri.

Unawajua watu wa bonde hili. Hakuna aliyeniuliza. Kwetu kumwuliza mtu mzima kama atapiga kura ni sawa na kumwuliza kama huoga. Basi wakaanza kuja kuazima.

Jumamosi, siku ya kwanza, walikuja wanne. Mmoja aliazima nyundo, mwingine akaazima kamba. Mke wa mchungaji aliazima kamusi. Kila mmoja alikunywa kahawa yako, akazungumza juu ya upepo, akamsaidia Oddný kumzalisha kondoo, akaenda zake. Jumapili walikuja watano. Jumatatu akaja Torfi mwenyewe, amevaa koti la kanisani, akaomba nimwazime mundu.

Nikamwambia, "Torfi, ardhi bado imeganda. Utakata nini?"

Akatazama dirishani. "Napenda kujiandaa mapema, mwalimu."

Nikampa mundu. Akaondoka nao begani, kwenye theluji.

Jumanne, siku ya mwisho, kituo kilikuwa kifungwe saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na nusu nilikuwa zizini. Nikasikia watu wanakuja, na sauti ya kizee inawakemea. Nilipotoka nikaona wanaume wanne wamebeba machela, na juu ya machela, chini ya mablanketi matatu na ngozi ya kondoo, alikuwa Salóme wa Hóll.

Sheria ya kura hii inamruhusu mgonjwa apigie kitandani kwake. Torfi alikuwa amempelekea karatasi, naye akamfukuza. Alisema amesubiri miaka tisini na moja, na hatapigia mahali anapokulia uji. Hilo nililielewa. Nisilolielewa ni kwamba njia ya kutoka Hóll kwenda nyumba ya mikutano haipiti Bakki. Bakki iko upande mwingine wa mto.

"Mwalimu!" akaita. "Hawa wanaume wako wamechoka. Niliwafunza wazazi wao kukamua, nao hawawezi kubeba ajuza mmoja."

Grímur, aliyeshika mkono wa nyuma, akasema ameteguka mguu pale kwenye kijito. Akachechemea hatua mbili ili nione.

"Basi pumzikeni," nikasema. "Oddný ataleta kahawa."

"Hakuna kahawa," akasema Salóme. "Saa zinakwenda. Ama ushike mahali pa Grímur, ama unitupe hapa mavini nife nikiwa raia wa mfalme."

"Salóme, unajua kwamba mimi siendi."

"Mimi nimekuomba uende? Nimekuomba unibebe. Ukifika pale simama nje na wapiga kura wa Torfi, utazame milima. Hakuna atakayekugusa."

Una, ungefanya nini? Nikanawa mikono na kushika machela.

Ni mzito kuliko anavyoonekana. Tulivuka mto maji yakiwa magotini, na goti langu la kushoto lilinieleza maoni yake. Katikati ya maji akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, wale wengine wasisikie: "Yule mama wa Kopenhagen. Ulipopona, alikwambia nini siku ya kuondoka?"

Tukamaliza kuvuka. Kisha nikamjibu, kwa sababu mtu anayebeba na mtu anayebebwa hawawezi kudanganyana sana. Kirstine alinifunga skafu shingoni, akanisukuma mlangoni na kusema, "Nenda sasa, Kolbeinn, umeshapona. Nenda kwenu ukafundishe."

Salóme alifumba macho kama mtu aliyelala. Hakuwa amelala.

Tulifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Watu wote wa kata walikuwa nje, kila mmoja akitazama kitu chake: mmoja kwato za farasi, mwingine mawingu, mke wa mchungaji kamusi yangu. Hakuna aliyenitazama. Tulimwingiza Salóme. Akapiga kura akiwa amelala chali, akaichovya penseli mdomoni kwanza kama msichana wa shule. Torfi akaweka alama ya thelathini kwenye ubao. Kisha akaishika chaki akasubiri, akiwa amenipa kisogo.

Niliingia nyuma ya pazia.

Huko nje walipandisha bendera, wakaimba wimbo wa taifa. Nilisikia wakianza kwa sauti ya juu mno, na kama kawaida hakuna aliyefika ubeti wa mwisho. Grímur alikuja mbio kunishika mkono. Alipotoka Bakki alikuwa akichechemea kwa mguu wa kushoto. Sasa alikuwa akichechemea kwa wa kulia.

Utataka kujua niliandika nini. Kura ni ya siri, na masanduku ya wilaya nzima yanahesabiwa pamoja. Hata Torfi hajui.

Nawashukuru majirani zangu. Vitu vyote vilivyoazimwa vimerudishwa, isipokuwa mundu.

Kaka yako,
Kolbeinn


Gimli, 8 Juni 1944

Kaka Kolbeinn,

Hii ni fupi. Salamu za wote. Mjukuu wangu mdogo ameota jino, na ziwa limefunguka kabisa.

Barua yako ya mwisho niliyo nayo ni ile ya Machi. Gazeti letu limeandika kwamba kwenye kila watu mia, tisini na wanane walipiga kura. Watu hapa wanalisoma kwa sauti dukani na kushikana mikono. Mzee mmoja aliyeondoka Isilandi akiwa na miaka sita, asiyekumbuka kitu ila harufu ya moshi, alilia hadharani. Na mimi nilisimama hapo na kikapu cha mayai nikiwaza juu ya wale wawili waliobaki. Nimekuona kati yao, umekaa dirishani.

Ikiwa ulibaki nyumbani, bado ni kaka yangu. Nimeona niliandike hilo, kwa sababu barua yangu ya Aprili ilikuwa kali, na tangu niitume usingizi wangu si mzuri. Ulinifundisha kusoma kwenye magoti yako. Nchi yetu ya kwanza mimi niliipata humo, katika kitabu ulichokishika. Hilo halitegemei kura yoyote.

Tarehe 17, jamhuri itakapotangazwa, tutasimama ufukweni hapa, saa yenu ya saa nane mchana, hata kama kwetu itakuwa asubuhi. Simama nawe, popote utakapokuwa.

Una


Bakki, 20 Juni 1944

Mdogo wangu Una,

Barua yako ya Aprili ilifika tarehe 13 Juni. Kwa hiyo haikunifanya niende kupiga kura, na hilo ni jema, kwani usingeacha kujisifu. Oddný sikumkaripia. Nilimwambia tu kwamba barua ya machozi nayo huandikwa kwa nukta na mikato. Nyasi zimeota vizuri. Wana-kondoo wamepandishwa mlimani. Kirstine hajajibu, na huenda hatajibu. Vita haijali barua za vikongwe.

Juu ya 1911. Ukuta ule haukuwa na haraka yoyote. Ungeweza kusubiri mwaka. Nilikuwa nimekasirika kwamba unaondoka, nikadhani kwamba kuja kukuaga ni kukubali. Ulipofika Skotlandi, njiani kwenda Kanada, uliniandikia kunishukuru kwa kukufundisha kusoma. Nilikaa na barua hiyo miezi minane bila kujibu. Nilisema ni kwa sababu ya kazi. Wewe uliondoka huku unashukuru, na mimi niliyebaki ndiye niliyekosa adabu. Sikuwahi kuliona hivyo mpaka niliposoma maneno yako. Nisamehe, Una. Na nakushukuru kwamba uliendelea kuandika.

Sasa nikueleze tarehe 17.

Tulikusanyika kwenye nyumba ya mikutano kusikiliza redio, maana safari ya Thingvellir, kwenye uwanja wa sherehe, ni ndefu kwa watu wenye mifugo. Salóme aliletwa kwa machela, safari hii kwa njia iliyonyooka. Mtangazaji alisema huko uwanjani mvua ilikuwa ikinyesha kama ya kulipiza kisasi, na watu maelfu wamesimama ndani yake bila kuondoka. Saa nane kengele zikalia, na mchungaji akazipiga zetu. Kisha kimya cha dakika moja, nchi nzima. Nilikuwaza ukiwa huko kwenye ziwa lenu. Kilichosikika humo ndani ni pumzi za watu na kondoo mmoja wa Torfi nje, ambaye hakuwa ameambiwa.

Tukawa jamhuri. Watu walikumbatiana. Mimi nilishikana nao mikono, nikakaa tena kwenye benchi langu. Nilikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha ya mtu aliyetoka nyumbani kwa watu usiku bila kuamsha mwenyeji.

Baadaye, katikati ya hotuba, wakatangaza kwamba kumefika simu ya maandishi kutoka kwa mfalme huko Denmaki.  Ndugu yangu, kwa miezi yote ile hakuna mtu aliyethubutu kunitazama usoni kuhusu jambo hili, na sasa wote thelathini walinigeukia kwa pamoja, kama kondoo wanaposikia mbwa.

Ikasomwa. Alisikitika kwamba mambo yamefanyika wakati huu. Lakini aliwatakia watu wa Isilandi heri katika siku zao zijazo, na akatumaini kwamba undugu utaendelea. Huko uwanjani, kwenye mvua ile, watu wakaanza kumshangilia. Wakamshangilia mfalme waliyemwacha saa chache zilizopita. Redio yetu ilitetemeka kwa kelele hizo.

Nikajikuta nimesimama. Sijui nilisimama lini. Nikasema kwa Kidenmaki, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani: "Ahsanteni. Ahsanteni kwa yote." Humo ndani Kidenmaki kilikuwa hakijawahi kutamkwa ila kwa kumwigiza karani mmoja Mdenmaki wa forodha. Hakuna aliyecheka. Torfi akavua kofia. Grímur akafuata, kisha wengine.

Niliandika ndiyo, Una. Mara mbili, kwenye maswali yote mawili, na niliikandamiza penseli hata nikaogopa wataihesabu kura yangu kuwa imeharibika. Sikukuficha kwa sababu ya siri ya kura. Niliona haya. Sasa sioni haya tena, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia.

Nilikuwa bado nimesimama hivyo, machozi yakiingia kwenye ndevu, wakati Salóme aliponigusa mgongoni kwa fimbo yake.

"Mwalimu," akasema, "tumekusikia, na Wadenmaki nao wamekusikia. Sasa kaa, unatuzibia redio."

Nikakaa.

Kaka yako,
Kolbeinn